Imani haiwekwi akiba: tunakaaje karibu na Mungu siku hadi siku?

Ndugu zangu katika Kristo, pamoja na wote mnaopita katika jukwaa hili hata kama hamshiriki imani yetu, nawasalimu.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo limekuwa likijirudia katika vikundi vya maombi na vya kujifunza Neno. Inakuwaje mtu aliyemwona Mungu akimtendea jambo kubwa, akashuhudia mbele ya kanisa zima huku machozi ya furaha yakimtoka, baada ya muda anakosa usingizi kwa hofu ya jambo dogo kuliko lile alilovushwa? Wengi hujibu haraka kwamba mtu huyo amepoa, au kwamba imani yake ilikuwa ya mdomoni tangu mwanzo. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Ninavyoona, wengi wetu tumezoea kuitazama imani kama mali ya kulimbikiza, kwamba ukishavuka majaribu kadhaa utakuwa umejiwekea ya kutosha kwa miaka iliyobaki, ilhali Maandiko yanaionyesha kama kitu kinachopokewa upya kila kunapokucha. Asiyelijua hilo humtafuta Mungu siku ya msiba na siku ya sherehe, na zile siku nyingi za katikati huishi kama yatima.

Tuanzie jangwani, katika Kutoka 16. Waisraeli walipoanza kula mana, chakula alichowapa Mungu huko jangwani, waliagizwa kila mtu aokote pishi moja kwa kila kichwa, na Musa akawaonya wasibakize kitu hadi asubuhi. Wapo waliobakiza. Ilipofika asubuhi ikaingia mabuu, ikanuka. Tuwatazame watu hao kwa haki: hawakuwa walafi, walikuwa wazazi wenye watoto katika nchi isiyo na shamba wala ghala, na kuweka kidogo kwa ajili ya kesho ndilo jambo ambalo mzazi yeyote mwenye busara angelifanya. Lakini Mungu alikuwa anawafundisha jambo ambalo busara ya kawaida haiwezi kulifundisha, yaani kulala usiku bila kitu chungoni na bado kuwa na uhakika wa asubuhi. Wala hakuwa anawakataza akiba kwa sababu akiba ni dhambi, kwa maana siku ya sita yeye mwenyewe aliwaagiza waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na chakula kile kile hakikuoza. Kilichotofautisha pishi lililooza na lile lililobaki salama ni neno lake. Somo hilo liliendelea kwa miaka 40, hadi walipokula mazao ya nchi ya Kanaani na mana ikakoma.

Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kuomba aliwaweka katika darasa hilo hilo. "Utupe leo riziki yetu," ndivyo tunavyosali, na mara nyingi ulimi unapita juu ya neno "leo" bila moyo kulisikia. Sura hiyo hiyo ya sita ya Mathayo inafunga kwa kusema, "Basi msisumbukie ya kesho, kwa kuwa kesho itajisumbukia yenyewe. Yatosha kwa siku maovu yake." Bwana hakukana kwamba siku ina maovu yake. Anachosema ni kwamba neema ya leo imepimwa kwa mzigo wa leo, na anayejaribu kubeba mzigo wa mwezi ujao kwa neema ya leo atalemewa, kisha adhani kwamba Mungu amemwacha.

Sasa, jambo hili linaonekanaje katika maisha ya mtu? Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 19. Jeshi la Ashuru lilikuwa limekwisha kuiteka miji ya Yuda yenye maboma, na Senakeribu, mfalme wa Ashuru, akamwandikia Hezekia barua akimwambia asidanganywe na Mungu anayemtumaini. Hezekia aliipokea ile barua mikononi mwa wajumbe, akaisoma, akapanda nayo nyumbani kwa Bwana, akaikunjua mbele zake. Hakuanza kwa kusema "nimeshinda" wala kwa kujilazimisha kutabasamu. Alimwonyesha Mungu karatasi yenyewe, akamwomba atege sikio na kuyasikia maneno ya Senakeribu, tena akakiri waziwazi kwamba kweli wafalme wa Ashuru wameziharibu nchi nyingine. Huko ndiko kumtumaini Mungu ninakokujua mimi: kuchukua barua iliyokuja leo, majibu ya vipimo yaliyotoka leo, ujumbe wa kukufukuza kazi ulioingia leo, na kuuweka mbele zake ulivyo, kabla hujaupeleka kwa watu wengine kumi. Zaburi ya 62 inasema, "Enyi watu, mtumainini sikuzote, ifunueni mioyo yenu mbele zake." Kutumaini na kufunua moyo vimewekwa katika mstari mmoja, na sidhani kwamba ni kwa bahati.

Kuna wanaosema kwamba hawana muda. Nehemia aliulizwa swali na mfalme Artashasta, na kati ya kuulizwa na kujibu akamwomba Mungu wa mbinguni. Maombi hayo hayakuchukua hata dakika. Hata hivyo sitaki mtu ajifiche nyuma ya Nehemia, kwa sababu sura ya kwanza ya kitabu chake inaonyesha kwamba alikuwa amekwisha kulia, kufunga na kuomba kwa siku nyingi. Ombi fupi lilimjia kwa urahisi mbele ya mfalme kwa kuwa maombi marefu yalikuwa yametangulia. Danieli naye, aliposikia kwamba amri ya kukataza maombi imetiwa sahihi, aliingia nyumbani mwake, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonigusa. Hakuongeza maombi kwa sababu ya hatari wala hakuyapunguza. Hatari ilimkuta katika desturi yake.

Desturi hiyo inaweza kuwa nyepesi kuliko tunavyodhani. Yohane Kasiano, mtawa aliyeishi miongoni mwa watawa wa Misri na kuandika mafundisho yao mwanzoni mwa karne ya 5, anaeleza kwamba walishauri mtu aushike mstari mmoja tu, ule wa kwanza wa Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima," na kuusema katika kila hali, anapojaribiwa, anapofurahi, anapofanya kazi na anapolala. Mstari huo haukumpandisha mtu kwenye kilele chochote. Ulimkumbusha tu, mara kwa mara, kwamba anahitaji msaada na kwamba msaada upo.

Neno moja zaidi kabla sijawakaribisha. Kumtumaini Mungu si kukunja mikono. Katika Matendo 27 Paulo yumo katika merikebu yenye watu 276 pamoja naye, dhoruba imewapiga usiku wa kumi na nne, na malaika amekwisha kumwahidi kwamba hapana hata mmoja atakayepotea. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo, mwenye ahadi hiyo mkononi, alimwambia akida na askari kwamba mabaharia wale wasipokaa ndani ya merikebu, wao akida na askari hawataweza kuokoka. Kisha akawasihi wale chakula kwa ajili ya afya yao, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akala. Ahadi ya Mungu haikumfanya azembee kuhusu mashua wala kuhusu matumbo ya watu. George Müller, aliyewatunza yatima zaidi ya 10,000 huko Bristol, Uingereza, katika karne ya 19, anakumbukwa kwa kumweleza Mungu mahitaji ya nyumba zake bila kuwaomba watu fedha. Kinachosahaulika ni kwamba aliandika hesabu zake kwa uangalifu mkubwa na kukataa kuingia katika madeni. Naona mambo hayo mawili yalitoka katika moyo mmoja.

Karibuni tujadiliane kwa upendo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mtumishi, ubarikiwe kwa somo hili. Naomba niulize kwa niaba ya watu walio katika hali kama yangu. Mama yangu amelala kitandani, na mimi ndiye ninayemgeuza, kumwosha na kumpa dawa, mchana na usiku. Ibada ya Jumapili naisikiliza kwa simu, na mara nyingi naikatiza kabla ya mahubiri kwisha kwa sababu ameniita. Usiku nikifungua Biblia, naanza mstari, najikuta nimesinzia kidole kikiwa bado juu ya ukurasa. Zamani nilikuwa kiongozi wa maombi. Sasa najihisi mbali na Mungu, na watu wakiniambia niongeze bidii katika sala nalia tu. Hiyo asubuhi ya kuokota mana mimi naipata wapi?

Mleta uzi:
Dada yangu, asante kwa kusema kwa uwazi. Nakusihi usimpe mtu nafasi ya kukuongezea mzigo juu ya huo ulio nao. Eliya alipokimbilia jangwani akaomba afe, malaika hakumhubiria wala hakumtaka aongeze maombi. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamgusa tena na kumwambia ale kwa maana safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Mungu alijua kwamba nabii wake amechoka, na jambo la kwanza alilompa ni usingizi na chakula. Kwa hiyo unaposinzia kidole kikiwa juu ya mstari, usidhani kwamba umefukuzwa mbele zake.

Kuna mtu mwingine ambaye huenda akakufaa. Mfaransa mmoja aliyeitwa Nicolas Herman, ambaye wengi wanamjua kama Ndugu Lawrence, alijiunga na watawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris baada ya kuwa askari, na kwa miaka mingi kazi yake katika nyumba ile ilikuwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda. Alifariki mwaka 1691. Hakuwa padri wala mwalimu wa chuo, lakini watu walimfuata kumwuliza namna ya kukaa na Mungu, kwa sababu alijizoeza kuzungumza naye katikati ya kelele za vyombo kama vile anapokuwa kanisani amepiga magoti. Unapomgeuza mama upande wa pili, mwambie Mungu jambo moja tu kuhusu mama. Unapopima dawa, shukuru kwamba mikono yako bado ina nguvu. Mstari mmoja wa zaburi, ukiusema kwa sauti mama naye akasikia, ni ibada ya watu wawili, na Bwana ameahidi kuwapo walipo wawili au watatu kwa jina lake.

Na wewe unayesoma ukiwa na nafasi: katika ushirika wenu yupo mtu kama dada huyu. Maneno ya kutia moyo ni mazuri, lakini saa mbili za kukaa na mgonjwa ili yeye alale au aende kanisani zitamsaidia zaidi. Mara nyingi Mungu humpa mtu mana yake kwa mkono wa jirani.

Mchangiaji wa pili:
Nimesoma uzi kwa heshima, lakini nina hoja. Katika sura hiyo hiyo ya Kutoka 16, Musa alimwambia Haruni atie pishi moja ya mana katika chombo na kuiweka mbele za Bwana, itunzwe kwa ajili ya vizazi. Basi mana iliwekwa akiba! Na katika Yoshua 4 waliagizwa kutwaa mawe 12 kutoka Yordani ili watoto wao watakapouliza waambiwe. Je, huoni kwamba unadharau nguvu ya kukumbuka? Mimi binafsi, nikiwa katika shida, ninachokishika ni yale ambayo Mungu amenitendea zamani.

Mleta uzi:
Hoja yako ni nzito na nimefurahi umeileta, kwa sababu inalinoa somo. Tazama hilo pishi lililotunzwa liliwekwa kwa kusudi gani: vizazi vijavyo wakione chakula ambacho Bwana aliwalisha baba zao. Lilikuwa la kuonwa. Hapana mtu aliyeambiwa aende kulila siku atakayokuwa na njaa. Kumbukumbu ya matendo ya Mungu inafanya kazi ya namna hiyo: inaniambia yeye ni nani, na hivyo inanipa ujasiri wa kutoka tena asubuhi na kapu langu nikitarajia kukuta kitu. Daudi alipokumbuka simba na dubu hakubaki akisimulia. Alikwenda kumkabili Goliathi. Mtu akiutumia ushuhuda wa zamani badala ya kumwendea Mungu leo, huo ushuhuda utamchosha, hata kama ulikuwa wa kweli kabisa. Kwa hiyo endelea kukumbuka, ndugu yangu, na uwasimulie watoto wako. Mwandishi wa Maombolezo alifanya vyote viwili: alijikumbusha kwamba rehema za Bwana hazikomi, na hapo hapo akasema kwamba ni mpya kila siku asubuhi, tena aliyasema hayo mji wake ukiwa umeteketezwa.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi nitasema kwa kifupi. Tuliomba kwa ajili ya mtoto wetu, kanisa likafunga pamoja nasi, na mtoto akafariki. Sijaacha kuamini kwamba Mungu yupo. Lakini nikiambiwa "mtumaini tu", sijui namtumaini kwa jambo gani tena.

Mleta uzi:
Ndugu yangu, pole sana, wewe na mwenzako. Sitakueleza kwa nini, kwa kuwa Mungu hakunieleza, na marafiki wa Ayubu walifanya vema kwa siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kueleza.

Nitasema jambo moja tu. Biblia imekuwekea maneno ambayo makanisa yetu mengi hayasomi kwa sauti. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio, inaendelea kwa kilio, na inamalizikia gizani bila mstari wa ushindi. Mtu aliyeiandika alimwambia Mungu kwamba amemtupa na kumficha uso wake. Na bado kila neno la malalamiko yake amemwambia Mungu mwenyewe, wala hakugeuka kumnung'unikia pembeni. Naamini kwamba hayo nayo ni kumtumaini, pengine kwa namna ngumu kuliko zote, maana hana hisia yoyote ya kumsaidia. Bwana wetu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na kikombe hakikuepuka. Pale msalabani akauliza kwa nini ameachwa. Kwa hiyo unapouliza, unauliza mbele za mtu anayelijua swali hilo kutoka ndani. Ikiwa leo huna ombi, usijilazimishe kutunga. Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Bwana hakumrudisha akakamilishe imani kwanza. Wakati ambao huwezi kuomba kabisa, waache wengine wakuombee, kama wale wanne walivyombeba yule mwenye kupooza na kumteremsha kupitia darini.

Mchangiaji wa nne:
Asanteni nyote. Swali langu ni dogo. Kinachonitenga na Mungu mimi si shida, ni dhambi ile ile ninayoirudia. Nikianguka, huwa najitenga na maombi kwa siku kadhaa mpaka nijisikie nimetakata, ndipo narudi. Je, ni sahihi?

Mleta uzi:
Swali lako si dogo, na naona ndilo linalowatesa watu wengi kimyakimya. Jibu langu ni hapana. Siku hizo unazojitenga hazikutakasi. Zinakufundisha tu kuishi bila yeye, na ndizo zinazolainisha njia ya kuanguka tena. Kinachotakasa kimetajwa katika 1 Yohana 1: damu ya Yesu, na kuziungama dhambi mbele zake yeye aliye mwaminifu na wa haki. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tungoje kwanza aibu ipungue. Adamu alijificha katikati ya miti, na Mungu ndiye aliyekwenda kumwuliza yuko wapi.

Kwa hiyo ukianguka asubuhi, rudi asubuhi hiyo hiyo, ulitaje jambo kwa jina lake bila kulipamba. Kama kuna mtu uliyemkosea, mwendee siku hiyo hiyo. Tena tafuta mkristo mmoja aliyekomaa, mwenye kutunza siri, mzungumze ana kwa ana, kwa kuwa dhambi inayorudiwa hupata nguvu nyingi kutokana na kufichwa, na Yakobo ametuagiza tuungamiane na kuombeana. Usiliweke jambo hilo hadharani hapa jukwaani. Ukikosa mtu wa kumwendea, niandikie kwa ujumbe binafsi, tuanze kwa kuomba pamoja leo.